Uyoga wa Majilio

Jiko la Eufrazia lilikuwa na kufuli. Kijijini Kasokola majiko mengi ni vibanda tu, mbuzi anaingia na kutoka anavyotaka, lakini la Eufrazia lilikuwa la tofali za kuchoma, lina mlango wa mninga, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwake pamoja na skapulari, kile kitambaa kidogo cha ibada ya Bikira Maria. Watu walimwita Mama Kufuli. Alijua kwamba wanamwita hivyo na hakujali.

Alikuwa Mpimbwe, mjane wa miaka hamsini na tisa, mkulima wa mpunga na mahindi. Alipokuwa na miaka kumi na moja, huko kwao Usevya, baba yake alikwenda kwenye karamu ya ndoa kwa jirani, akala, akarudi ameshika tumbo, na siku ya tatu akazikwa. Hakuna aliyewahi kusema kwa uhakika kilichomuua. Mama yake yeye alisema ni mkono wa mtu, akawapa watoto wake sheria moja: usile chakula ambacho hukukiona kikipikwa. Eufrazia aliishika sheria hiyo kuliko amri za Kanisa. Kwenye mikutano ya jumuiya alikwenda na bakuli lake lenye mfuniko. Misibani alikuwa wa kwanza kujitolea kupika, watu wakamsifu kwa moyo wa huruma, kumbe alitaka kuona nini kinaingia kwenye sufuria. Alipoolewa na Bartolomeo, mwezi mzima wa kwanza hakugusa chakula cha mama mkwe wake, akasingizia vidonda vya tumbo. Bartolomeo mwenyewe alimzoea, na alipofariki miaka sita iliyopita alikuwa hajawahi kumwona mkewe akila nyumba ya watu.

Walikuwa na mtoto mmoja, Sylvanus, mchomeleaji wa vyuma. Mwaka juzi Sylvanus alimwoa Hana, binti wa Manyanda, Msukuma mfugaji wa Sibwesa. Eufrazia hakuipenda ndoa hiyo. Miaka ya nyuma ng'ombe waliwahi kuingia kwenye mpunga wake na kuula wote, na ingawa hawakuwa ng'ombe wa Manyanda, walikuwa wa mtu aliyeongea kama Manyanda. Hayo ndiyo aliyoyasema kwa mdomo. Moyoni aliogopa kitu kingine: mkwe ni mtu anayeingia jikoni.

Mwishoni mwa Novemba Sylvanus alipiga simu kutoka Karema, alikokuwa na kazi.

"Mama, shule imefungwa. Hana yuko peke yake kwenye chumba cha kupanga huko mjini, na ana mimba ya miezi mitano. Naomba akae kwako mpaka Krismasi. Mimi nitakuja tarehe ishirini na mbili."

Mama hawezi kukataa jambo la namna hiyo. Alisema, "Aje."

Hana alishuka kwenye bodaboda Jumapili ya kwanza ya Majilio, zile wiki nne za kungojea Krismasi, saa nane, mawingu yakiwa yameshafunga. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, kazi yake kutunza maktaba ya shule moja ya binafsi mjini Mpanda. Alipiga goti kusalimia. Kisha akashusha mizigo: begi la nguo, ndoo ya michembe, yaani viazi vitamu vya kukausha vya kwao, gunia la mchele lililojaa vitabu, na boksi. Eufrazia alilitazama boksi kuliko vitu vingine vyote, kwa sababu lilikuwa linanukia.

Jioni ile mvua ilinyesha. Ilipofika saa kumi na moja sebule ilikuwa giza, na taa ya sola ilikuwa imechoka kwa kukosa jua siku tatu. Hana akafungua boksi, akatoa kikopo cha nyanya kilichojazwa nta ya manjano yenye utambi katikati, akawasha. Harufu ikaenea taratibu mpaka kwenye mapazia.

"Hiyo ni ya nini?" Eufrazia aliuliza.

"Ni mshumaa tu, mama. Natengeneza mwenyewe. Nta naipata kwa wafuga nyuki wa Inyonga."

"Mshumaa naujua. Nauliza hiyo harufu."

"Mchaichai, karafuu na maganda ya machungwa. Nyumba ikipata unyevu inanuka vibaya, hii inaondoa. Halafu mimi bila harufu hii naona Majilio hayajaanza."

"Kanisani tunawasha mishumaa minne, na hakuna hata mmoja unaonuka."

Hana alitabasamu. Eufrazia akaenda kulala akijiuliza: mtu anayetaka nyumba yangu inukie, anaficha harufu gani?

Kesho yake alimpeleka Hana nyuma ya nyumba, akamwonyesha jiko la mkaa chini ya upenu. "Wewe utapikia hapa. Moshi wa kuni si mzuri kwa mjamzito." Hana alishukuru. Basi wakaanza kuishi nyumba moja na vyungu viwili. Eufrazia alijifungia jikoni kwake na wali wake na dagaa zake. Hana alikaa upenuni kwenye kigoda, khanga mabegani, matone ya mvua yakidondoka hatua moja kutoka magotini mwake, akipika vyakula vya watu wenye muda. Michembe aliichemsha na karanga za kutwanga mpaka ikawa laini kama uji mzito. Boga alilipika na iliki na sukari kidogo, akaliacha kwenye makaa hadi lichuje mchuzi wake lenyewe. Chai yake ilikuwa na tangawizi na mdalasini, na ilikaa motoni tangu saa tisa mpaka giza. Kila alipopakua, alimwekea mama mkwe wake sahani, akaifunika kwa kawa, akaiweka mezani. Kila siku Eufrazia alisema, "Asante mwanangu, nimeshiba," na kila siku sahani hiyo ilikwenda kwa mbwa. Eufrazia alimchunguza mbwa. Mbwa alinenepa.

Jambo la pili lililomtia shaka lilikuwa vitabu. Kila alasiri, mvua ikianza, Hana aliwasha mshumaa wake, akajinyoosha kwenye mkeka wa sebuleni, mto mgongoni, akafungua kitabu na kusoma kwa sauti. Hakukuwa na mtu mwingine sebuleni.

"Anamsomea nani?" Eufrazia alimuuliza wifi yake Suzana, dada wa marehemu Bartolomeo, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka hapo.

Suzana alikuwa mwanamke asiyeacha habari ipoe. "Peke yake?"

"Peke yake. Na mshumaa unawaka."

"Wifi, mimi sitaki kusema kitu. Lakini mtu anayesema maneno mbele ya moto peke yake, hapo pana jambo. Na hiyo harufu, mimi naipata mpaka kwangu. Wengine wanasema harufu ya namna hiyo inalainisha roho ya mwenye nyumba. Unaanza kukubali kila kitu."

"Wengine akina nani?"

"Watu," alisema Suzana.

Eufrazia hakuwa mtu wa kukimbilia kwa waganga. Alikuwa mtu wa kuhakikisha. Jumatano ile Hana alipokwenda bombani, alichukua mshumaa mmoja kutoka kwenye boksi, na jua lilipokuwa linakaribia kuzama akaingia nao kwenye banda la kuku. Aliuwasha, akaufunga mlango, akakaa nje juu ya ndoo iliyogeuzwa, mwavuli mkononi, akitazama kupitia nafasi za fito ili banda lisije likashika moto. Alikaa hivyo nusu saa. Kuku walimtazama, kisha wakalala. Asubuhi walitoka kumi na mmoja, kama walivyoingia, na mmoja alikuwa ametaga. Eufrazia alilishika yai likiwa bado la moto, akafikiri sana. Akaamua kwamba kuku si binadamu.

Maneno yale ya mbele ya moto aliamua kuyasikiliza mwenyewe. Chumba chake kilitenganishwa na sebule kwa pazia tu. Alasiri iliyofuata alisimama nyuma ya pazia, pumzi ameibana.

Hakikuwa kitabu cha uganga. Kilikuwa hadithi. Jalada lake lilishachanika siku nyingi, ndiyo maana shule ilikitupa na Hana akakiokota. Ilimhusu mlinzi wa posta ya mji mdogo, mtu mpweke, aliyekuta barua zinazokuja kila mwezi kwa mtu aliyekwisha kufa. Akafungua moja. Mwandishi alikuwa mama mzee wa mbali, anamsalimia mwanawe, anauliza kwa nini hajibu. Mlinzi akaona huruma, akajibu, akajifanya yeye ndiye mwana.

Eufrazia alisikiliza mpaka miguu ikafa ganzi. Alimwona yule mlinzi kuwa mwongo mkubwa, tena mwongo wa hatari, na alitaka kujua kama yule mama atagundua. Siku ya pili alirudi nyuma ya pazia, na ya tatu vilevile. Alijiambia kwamba anapeleleza. Hana naye akawa anasoma polepole zaidi, na mara nyingine, akifika mahali pazuri, alirudia sentensi.

Wiki mbili zikapita hivyo. Huenda mambo yangekwenda taratibu mpaka Krismasi, maana binadamu anachoka hata kushuku. Siku moja Eufrazia alifika mpaka kufunua kawa, akatazama lile boga, rangi yake kama ya kutu, akaliinamia kulinusa. Alilifunika tena. Lakini alilinusa.

Ijumaa kabla ya Jumapili ya nne ya Majilio, Hana alikwenda kliniki. Eufrazia alikuwa anafagia sebule. Chini ya mto wa mkekani alikuta daftari dogo. Hakuwa msomaji sana, lakini jina lake alilijua, na jina lake lilikuwa juu ya ukurasa. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno.

*Mama Eufrazia. Anakula saa saba na saa kumi na mbili. Hali chakula cha mtu. Chai hanywi. Boga hajagusa. Ananusa kwanza. Kwa Sylvanus nimesikia: uyoga anaupenda sana, hawezi kukataa.*

Alisoma mara tatu. Ananusa kwanza. Kwa hiyo alikuwa ameonwa. Alilirudisha daftari mahali pake, likiwa limelala vilevile, akaketi kwenye kiti, na ufagio ukabaki mkononi mwake mpaka aliposikia pikipiki ikisimama nje.

Hakumwambia Suzana. Hili lilikuwa kubwa kuliko Suzana.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Hana aliingia barazani miguu imejaa tope, beseni mkononi, uso unang'aa.

"Mama, njoo uone. Kile kichuguu cha nyuma ya mihogo kimetoa uyoga. Leo nakupikia mimi."

Eufrazia aliinama juu ya beseni. Ulikuwa uyoga wa kichuguu kweli, vichwa vipana vya kijivu vyenye ncha katikati, mizizi mirefu, uyoga ambao akiwa mtoto aliupigania na kaka zake. Pembeni mwa beseni palikuwa na vichwa vitatu vya aina nyingine. Vyeupe, vizuri, kama vilivyofuliwa. Kila kimoja kilikuwa na utando mwembamba umezunguka shina, na chini kabisa, mguuni, ngozi iliyolegea.

Upimbwe mtoto anafundishwa jambo hili kabla ya Baba Yetu: mweupe mwili mzima, sketi shingoni, soksi mguuni, huo mwachie shetani.

"Vyote umetoa kichuguuni?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Karibu vyote. Hivi vitatu nimevikuta chini ya mti pale pembeni. Vinafanana."

"Kwenu mnaokota uyoga?"

"Mimi nimekulia Meatu kwa bibi, mama. Kule hata miti ni ya kuhesabu. Uyoga nimeujulia huku kwenu."

Eufrazia alimtazama usoni. Mtu aliyesoma vitabu vyote vile atakosaje kujua? Na daftari lile lilikuwa na maana gani nyingine? Aliona mbele yake njia mbili. Anaweza kusema sasa hivi, na Hana atasema lo, sikujua, na yeye Eufrazia hatajua ukweli mpaka anaingia kaburini, kama alivyokosa kujua kilichompata baba yake. Au anaweza kunyamaza mpaka mezani. Anayejua kilichomo hatakula. Kitu kimoja tu kilitakiwa, kukaa na kutazama.

"Haya," alisema. "Pika."

Hana aliuosha uyoga maji matatu, akaukata, akautia kwenye sufuria na kitunguu, na karanga alizozitwanga jana. Mchuzi ulipoanza kuchemka mvua nayo ikaanza, nzito, ya kutwa. Saa sita mchana sebule ilikuwa kama magharibi. Hana akaliingiza jiko la mkaa mlangoni ili mchuzi uive taratibu, akawasha mishumaa miwili, akaketi mkekani na kitabu.

Kisha akasema, bila kugeuka, "Leo kaa huku, mama. Huko nyuma ya pazia miguu inakupata baridi. Naiona kila siku."

Eufrazia alitoka nyuma ya pazia, akaketi. Alikuwa hajawahi kukaa pazuri kama pale. Nje mvua ilikuwa inapiga bati, ndani kuna joto la makaa, nta inanukia machungwa, karanga zinanukia, na sauti ya Hana inakwenda na kurudi. Mlinzi wa posta alikuwa amepata barua mpya: yule mama mzee anasema amechoka kungoja, anakuja mwenyewe kumwona mwanawe, amekwisha kata tiketi. Hana alicheka kidogo, akaweka mkono tumboni. "Mtoto anacheza," alisema. Eufrazia aliutazama ule mkono, kisha akaitazama sufuria. Mfuniko ulikuwa unarukaruka. Mara mbili Hana aliinuka kukoroga, akampa mgongo, na mara zote mbili Eufrazia alifungua mdomo, akaufunga. Bado kidogo, alijiambia. Bado kidogo nitajua.

Hana akasonga ugali, akapakua sahani mbili, akanawisha mikono ya mama mkwe wake.

"Karibu, mama."

"Anza wewe."

"Nitaanzaje na mkubwa yupo? Kwetu ukifanya hivyo wanakuuliza umelelewa na nani."

Amekataa, Eufrazia alifikiri. Hali. Mungu wangu, ni kweli.

"Nimesema anza. Wangu naacha upoe."

Hana alimtazama kwa mshangao, akasema, "Haya, nisamehe basi." Akakata tonge, akalichovya, akaokota nalo kipande cheupe. Kilikuwa cha moto. Akakipuliza, mara moja, mara mbili, haraka haraka, kama mtoto mwenye njaa anayeogopa kuungua na anayeogopa zaidi kungoja. Hakuna mtu anayepuliza sumu ili aile vizuri. Eufrazia aliliona hilo kwa macho yake, na mkono wake ukaondoka wenyewe. Tonge liliruka, sahani ikageuka, mchuzi ukamwagika mkekani na juu ya kitabu.

"Usile," alisema. "Usile. Ni sumu."

Hana alibaki na mkono hewani.

"Ulionja chumvi?"

"Mara mbili," Hana alisema. "Kiganjani."

Eufrazia alimtapisha pale pale kwa kidole, akafunga mabaki ya ule uyoga mweupe kwenye mfuko, akatoka mbio mvuani bila viatu kutafuta bodaboda. Hospitali mjini walimpokea, wakamtundikia dripu, wakachukua damu. Tabibu aliutazama ule mfuko, akasema uyoga huu hauonyeshi madhara siku hiyo hiyo, mtu anaweza kujiona mzima kumbe ini linaharibika, kwa hiyo watamweka siku tatu wampime kila siku. Akauliza umetambuliwaje. "Mimi naujua," Eufrazia alisema. Tabibu akaandika, akaondoka.

Hana alikuwa ameyasikia. Alikuwa na kichwa kizuri, wala hakuhitaji muda mrefu.

"Mama. Uliuona saa ngapi?"

Eufrazia angeweza kujibu kwamba aliuona pale mezani. Hakuna ambaye angebisha. Alikaa ameshika fundo la khanga yake, maji yanamdondoka.

"Saa tatu asubuhi."

"Pale barazani."

"Ndiyo."

"Nikauosha, ukaniona. Nikaupika."

"Ndiyo."

"Nikakaa nakusomea."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja nione kama utakula."

Hana alifumba macho.

"Niliona daftari lako," Eufrazia alisema kwa sauti ya chini. "Limeandikwa mimi nanusa, limeandikwa uyoga siwezi kukataa."

"Sylvanus aliniambia hujawahi kula mkono wa mtu," Hana alisema, macho bado yamefumbwa. "Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu utakachokubali kula Krismasi. Nikasema nikikipata, nitakuwa nimekufurahisha." Akageukia ukutani. "Usinishike, mama. Tafadhali."

Damu ya siku ya kwanza ilikuwa nzuri, na ya pili, na ya tatu. Mtoto alikuwa anacheza kama kawaida. Eufrazia alilala chini ya kitanda siku zote hizo juu ya khanga, na Hana alimsalimia kila asubuhi kama adabu inavyotaka, na hakumwambia neno lingine. Sylvanus alipofika Jumatatu, Hana alisema tu, "Mama atakueleza." Eufrazia alimweleza mwanawe nje, kwenye benchi, yote, pamoja na kuku. Sylvanus alimsikiliza akiwa ameinama. Alipomaliza, alisimama.

"Mjukuu wako alikuwa mle ndani," alisema.

"Nilijua."

"Ndiyo ninachosema, mama. Ulijua."

Krismasi Sylvanus alimpeleka mkewe Sibwesa kwa wazazi wake. Eufrazia alikwenda misa peke yake, akarudi peke yake. Suzana alipokuja kuuliza yule Msukuma kafanya nini hata akafukuzwa, Eufrazia alimjibu, "Mimi ndiye niliyefanya," akamsimulia, akijua kabisa kwamba hadithi hiyo itafika kijiji cha Kakese kabla ya jioni. Ilifika. Kwa wiki kadhaa wanawake walimpisha bombani wasimame mbali naye, na yeye hakulalamika.

Tarehe tatu Januari alikwenda Sibwesa na debe la mchele. Mzee Manyanda alikuwa ameshaambiwa. Hakumfukuza. Alimpa kiti, akamwacha akae hapo karibu saa nzima bila kuongeleshwa, kisha akamwambia mkewe alete chakula. Kililetwa kimefunikwa kutoka jiko ambalo Eufrazia hakuliona, ugali wa mtama na mlenda, na maziwa ya mgando. Watu wote wa boma walikuwa wanatazama. Alianza kula. Tonge la kwanza lilimkwama, akalisukuma kwa maziwa. Alikula mpaka sahani ikawa nyeupe, jasho linamtoka, na Hana, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliingia ndani.

Hakukuwa na siku ambayo Hana alisema nimekusamehe. Mtoto alizaliwa Aprili, msichana, mzima, na Hana alikubali kuja naye Kasokola mara moja kwa mwezi. Alikuja na sufuria yake, maji yake ya kuchemsha, na unga wake. Alipika mwenyewe, na kikombe cha mtoto alikiosha mwenyewe hata kama kilikuwa kisafi. Mtoto hakumwacha mikononi mwa bibi yake zaidi ya muda wa kufunga khanga. Eufrazia aliyaona yote hayo. Alikuwa mtaalamu wa mambo hayo, alijua kila hatua yake na jina lake, na alijua kwamba hakuna neno linaloweza kuyaharakisha.

Mwezi wa Agosti, siku moja asubuhi, maji ya Hana yaliisha. Bomba la karibu lilikuwa limeharibika, na la pili liko mbali, zaidi ya robo saa kwenda tu. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amelala. Hana alisimama uani na ndoo, akamtazama mtoto, akaitazama njia.

"Nitakaa hapa hapa nje," Eufrazia alisema. "Siingii naye ndani. Utaniona ukiwa njiani."

Hana alimweka mtoto mapajani mwa Eufrazia, akakunja shuka shingoni mwa mtoto, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akaondoka. Alipofika kwenye mashamba ya mihogo aligeuka kutazama. Alipofika njia panda akageuka tena, akasimama kabisa, ndoo begani. Eufrazia alimwona. Akanyanyuka taratibu kutoka kwenye kigoda, akasogea mpaka katikati ya ua penye jua, akamnyanyua mtoto juu kidogo ili aonekane.